SciPy kwa kutafuta thamani ndogo kabisa: nzuri, ila usiiamini kichwakichwa

Haya jamani, SciPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, ni ya bure na inakubali hata kwenye laptopu chovu, naipa nyota nne. Ila jaribuni hii, mwambie akutafutie thamani ndogo kabisa ya x²/(1+x⁴), jibu liko x=0 halina mjadala, sasa anzisha BFGS (njia yake mojawapo ya kutafuta, inayofuata mteremko kushuka) kwenye x=100 uone, inakurudishia 100 ileile na kukwambia imefaulu 😅 kisa mteremko pale uko chini ya 0.00001, basi inadhani imeshafika chini kabisa. Kosa si lake bana, swali lenyewe ndo halijatulia, ukizidi kwenda mbali thamani inakaribia 0 huku wewe unalikimbia jibu, ndo mambo aliyoyaangalia mwanahisabati Tykhonov 1966. Ukitaka kulinganisha seti na seti, yaani kila chaguo likupe kundi la thamani badala ya namba moja, ndo haina kabisa, utajiandikia programu mwenyewe.