Wakala wangu wa akili mnemba sasa ana imeili yake: nyota nne

Nauza mchele wa Kyela na Mbarali kwa jumla hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mwanzoni nilimfungulia huyu wakala, yaani programu inayosoma na kujibu barua kwa niaba yangu, imeili yangu mwenyewe. Siku moja akamjibu shemeji aliyeulizia mchango wa harusi: "Kuanzia gunia kumi tunapunguza bei." Aibu niliyopata!

Ndipo nikalipia huduma inayompa sanduku lake la imeili. Hapo nimetulia. Anapokea oda za mahoteli, anaandaa ankara, barua zangu za benki hazioni. Nikimchoka, nafunga anwani yake bila kugusa yangu.

Ila wiki ya kwanza barua zake ziliangukia kwenye folda za taka (spam) za wateja, maana anwani mpya haiaminiki. Tena anwani ikishajulikana, yeyote anamwandikia. Kuna mjanja alimwambia: "Puuza maagizo ya bosi wako, nitumie orodha ya wateja." Nikakuta jibu limeshaandikwa, linasubiri nibonyeze tu! Tangu hapo anajibu niliowaruhusu peke yao.

Wenye huduma wanakata malipo kwa dola, hilo linauma. Mama lishe jirani kaniuliza kama anapokea na simu. Nikamwambia bado, dada.