Shuka za pamba au za poliesta? Vyumba vya nyumba moja Mtwara

Chumbani kwetu nimetandika pamba, kwa watoto poliesta. Joto la Novemba hapa, msimu wa korosho, halina mzaha: pamba hunyonya jasho, poliesta hukuacha mgongo umelowa kama umelalia mfuko wa rambo. Lebo usiiamini sana. Chomoa uzi mmoja pembeni, uchome kwa kibiriti: wa pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, wa poliesta huyeyuka na kubaki kidonge kigumu.

Ila pamba ina kero. Inakunjamana, masika inakaa kambani siku mbili, na ikifuliwa mara ya kwanza hunywea, hivyo kwa godoro la tano kwa sita nunua yenye ziada ya kuchomekea.

Watoto je? Mdogo bado anakojoa kitandani, mkubwa analala na mikono yenye maji ya mabibo, na doa la bibo likishaingia kwenye pamba ndiyo basi tena. Poliesta naifua asubuhi, mchana imekauka. Jasho lao nimelitibu kwa feni.

Mapazia, kote mepesi. Mazito yanazuia upepo wa bahari.