Maziwa ya Kununua Mwanza: Kabla ya Kuuliza Ng'ombe Amekula Nini, Tazama Chupa

Mwezi Agosti, kando ya barabara pale Buzuruga, nililipa shilingi 5,000 kwa chupa ya lita moja na nusu ya maziwa ambayo muuzaji aliniapia kwamba ni ya ng'ombe wa majani matupu kutoka Misungwi. "Dada, hayana kemikali hata tone." Chupa ilikuwa ya maji ya kunywa iliyotumika tena, na ilikuwa imepangwa mezani pamoja na nyingine tangu asubuhi, nami nilifika saa saba mchana. Nyumbani niliyachemsha, nikammiminia mtoto kikombe, naye akakisukuma akisema kinanuka manyoya ya kuku yaliyobabuliwa. Nilionja nikakuta anasema kweli.

Harufu ile haikutokana na kuchacha wala na sufuria chafu, bali na jua. Maziwa yana vitamini B2, yaani riboflavini, ambayo ndiyo inayoyapa maji ya mtindi ile rangi ya njano inayoelekea kijani tunayoiona mgando unapojitenga. Mkemia Mwingereza Alexander Wynter Blyth aliitenga rangi hiyo mwaka 1879, muda mrefu kabla haijajulikana kuwa ni vitamini. Riboflavini huvumilia moto, kwa hiyo kuchemsha hakuipunguzi sana, lakini haivumilii mwanga hata kidogo. Maziwa yaliyoachwa kwenye chupa angavu chini ya jua kali kwa muda wa saa mbili yanaweza kupoteza nusu yake au zaidi, na mwanga huohuo huharibu pia protini na mafuta, ndipo inapokuja harufu ya manyoya na baadaye ladha ya boksi lililolowa. Vitamini A nayo hupungua. Kikombe kimoja cha maziwa mazuri humpa mtu mzima karibu theluthi ya riboflavini anayohitaji kwa siku, na katika nyumba ambayo mayai na maini hayaliwi mara kwa mara, pengo hilo si dogo. Dalili yake mojawapo ni pembe za midomo zinazopasuka, ambazo wengi wetu huzisingizia baridi ya kiangazi.

Nimeanza na chupa kwa makusudi, kwa sababu maswali ninayoletewa na wasomaji huhusu chakula cha ng'ombe tu: kama ni wa kilimo hai, yaani ufugaji usiotegemea kemikali za viwandani, kama amelishwa majani, kama ni wa kisasa au wa kienyeji. Kilimo hai kina maana yake rasmi. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilipitisha kiwango cha pamoja cha mazao ya aina hiyo, na alama yake inaitwa Kilimohai. Katika chupa zote za barabarani nilizowahi kuzishika hapa mjini sijaiona alama hiyo. Nilichokiona ni neno "asilia" lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na neno hilo halikaguliwi na mtu yeyote.

Majani yenyewe sitayabeza. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la British Journal of Nutrition yalionyesha kwamba maziwa ya kilimo hai yalikuwa na omega-3, aina ya mafuta yenye manufaa mwilini, zaidi kwa takribani asilimia 56 kuliko ya ufugaji wa kawaida, na sababu kubwa ilikuwa ng'ombe kula majani mabichi kwa wingi. Mapitio hayohayo yalikuta iodini ikiwa pungufu katika maziwa ya kilimo hai, jambo ambalo wauzaji wa "asilia" hawalitaji. Lakini asilimia 56 ya kitu kidogo ni kitu kidogo, kwa kuwa lita nzima ya maziwa yenye mafuta yake yote huwa na omega-3 isiyozidi sana nusu gramu. Anayetafuta omega-3 katika mji huu apande daladala hadi Kirumba, ashuke Mwaloni, anunue dagaa. Atapata na kalsiamu humohumo. Kwa upande wa protini na kalsiamu, maziwa ya ng'ombe wa majani na ya ng'ombe wa pumba hayatofautiani kwa kiasi cha kumfanya mtu alipe mara mbili.

Tena, majani gani ya Agosti? Mvua zetu huwa zimekwisha tangu Mei, na majani yanapokauka hupoteza beta-karotini, ile inayoyapa mafuta ya maziwa rangi ya njano. Mfugaji wa Kisukuma aliyetunza ngitili, yaani eneo la malisho lililofungwa wakati wa masika ili lifunguliwe kiangazi, ana cha kuwalisha ng'ombe wake, ingawa nacho kwa wakati huo ni nyasi kavu. Wengine huongezea pumba za mpunga na mashudu ya pamba, na hapo sioni dhambi yoyote, isipokuwa uongo wa kusema hawajaongezea. Ng'ombe wetu wa kienyeji hutoa maziwa mazito, yenye mafuta yanayokaribia asilimia 5, lakini hutoa lita moja au mbili tu kwa siku. Mtu mwenye chupa 40 za "kienyeji" kila asubuhi ya kiangazi ana kundi kubwa sana au ana bomba la maji karibu.

Basi mpangilio wangu ni huu. Nafasi ya kwanza naipa maziwa ya boksi ya Asas kutoka Iringa, na sifichi kwamba naipendelea kampuni hiyo kwa sababu ya mazoea ya nyumbani kwetu. Boksi lenye utando wa alumini ndani halipitishi mwanga, na karibu riboflavini yote iliyoingia kiwandani ndiyo inayofika mezani. Hasara yake ni ladha ya kupikwa, ambayo katika chai ya tangawizi haionekani. Nafasi ya pili, ambayo ingekuwa ya kwanza kama wote tungeishi Kisesa au Usagara, ni ya mfugaji unayemfahamu, anayekamua alfajiri na kuleta maziwa kwenye keni ya chuma yenye mfuniko. Mpe bei yake bila kuvutana naye, na uyachemshe mpaka yafure, kwa maana ugonjwa wa brusela, unaoambukizwa kwa maziwa mabichi, hauulizi kama ng'ombe alikula majani. Ya tatu ni mtindi wa dukani, mradi chombo chake hakionyeshi ndani na friji yenyewe haina taa inayoumulika usiku kucha. Maziwa ya pakiti nyeupe ni ya nne. Maziwa ya unga ya kupimiwa kwa kijiko yapo, na ni ya bei nafuu.

Chupa angavu ya barabarani ni ya mwisho, hata kama ng'ombe wake alilala kwenye majani mabichi hadi kifuani. Kinachoniudhi zaidi ni bei. Lita ya maziwa kwenye keni niliinunua kwa shilingi 2,000 wiki hiyohiyo, ilhali ile chupa ilinigharimu zaidi ya shilingi 3,300 kwa lita, na haikuwa lita moja na nusu kamili kwa kuwa povu lilikuwa limejaza shingo yote. Kiangazi kikianza bei hupanda kwa hoja kwamba malisho hakuna. Mvua zikinyesha haishuki, kwa hoja kwamba barabara zina tope.

Siku chache baadaye nilirudi Buzuruga, nikamwomba yule kijana ahamishie chupa zake chini ya meza au azifunike kwa gunia lenye unyevu, jambo ambalo lisingemgharimu senti. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu kwamba maziwa yakifunikwa wateja hawataona yalivyo meupe, akaichukua chupa ya mbele na kuigeuza kidogo ili jua liipate vizuri.