PS5 sebuleni, PC mezani: uzoefu wangu

Nyumbani ninazo zote mbili. PS5, konsoli ya Sony (mashine ya kuchezea gemu tu), iko sebuleni kwenye televisheni, na PC niliyoiunda mwenyewe kipande kwa kipande iko mezani chumbani. Kwa nguvu, PC yangu inaiacha PS5 mbali. Hata hivyo, jioni nikitoka kazini ninachokishika ni pedi ya kuchezea ya PS5, na sababu kubwa ni jambo ambalo matangazo hayalipigii kelele: kulaza mashine.

Nikiwa katikati ya pambano na nikaitwa, naiweka PS5 kwenye hali ya kulala, basi. Nikirudi, hata kama ni kesho yake, nabonyeza kitufe cha pedi, televisheni inawaka yenyewe, na mhusika wangu yupo palepale nilipomwacha, upanga mkononi. Xbox Series X na Series S, konsoli za Microsoft, zimesogea mbele zaidi kwa Quick Resume, inayoshikilia gemu kadhaa kwa pamoja ukawa unaruka kutoka moja hadi nyingine. Windows nayo inalala, lakini gemu nyingi haziamki salama: mara sauti imepotea, mara seva imekukata, mara picha imeganda. Ndiyo maana kwenye PC siinuki kabla sijafika mahali pa kuhifadhi, na ukiwa na saa moja tu ya kucheza, kutafuta mahali hapo kunakula robo yake.

Halafu kuna suala la sheda, yale maagizo madogo yanayoiambia kadi ya grafiki jinsi ya kuchora mwanga, maji na vivuli. PS5 ya kawaida ni ileile kwa kila mtu, hivyo mtengenezaji huziandaa mapema na kuziweka ndani ya gemu. Kadi za PC ni za kila namna, kwa hiyo kazi hiyo inafanyikia kwako. Ukifungua gemu mpya unakuta mstari unaojaa polepole, na ukibadilisha draiva, ile programu inayoiendesha kadi, mara nyingi unaanza upya. Gemu isiyoziandaa mwanzoni huziandaa huku unacheza, na hapo ndipo picha inashtuka kila ukifungua mlango mpya. Nimewahi kukaa jioni nzima na gemu moja kubwa nikipunguza vivuli, nikibadilisha draiva, nikisoma ushauri wa watu, na kucheza kwenyewe sikucheza. Wapo wanaoifurahia kazi hiyo. Kuna siku hata mimi naifurahia, sikatai.

Lakini urahisi wa konsoli una ada zake. Gemu ya kulipia ukitaka kuicheza na wenzako mtandaoni kwenye PS5, lazima uwe na PlayStation Plus, usajili wa kulipia wa Sony. Za bure kama Fortnite ndizo zisizodai. Kinachonikera zaidi ni kwamba hata kuhifadhi maendeleo ya gemu za PS5 kwenye wingu, yaani mtandaoni, kunahitaji usajili huohuo, na huwezi kuyanakili kwenye flashi. Mashine ikifa huna usajili, safari yako imekufa nayo. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za PC, kucheza mtandaoni hakuna ada ya kila mwezi, gemu nyingi zinahifadhiwa kwenye wingu bure, na gemu usiyoipenda unaweza kuirudisha ndani ya siku 14 ikiwa hujaicheza zaidi ya saa 2. Ukinunua PS5 isiyo na sehemu ya diski unabaki na duka moja tu, lenye bei zake. Mimi nilichukua yenye diski, maana diski huazimwa na huuzwa tena.

Nafasi ya kuwekea gemu nayo ni finyu. PS5 ya mwanzo ilitajwa kuwa na GB 825, lakini za kutumia ni kama 667, na gemu moja ya Call of Duty inaweza kupita GB 100. Bahati nzuri kuna tundu la kuongeza SSD ya M.2, kijidiski chembamba cha kuhifadhia, kazi ya bisibisi na dakika chache.

Gemu za mikakati, zile za kuamuru majeshi na kujenga miji, sizichezi kwa pedi. Kipanya kinafanya kwa sekunde moja kile ambacho pedi inakizungukia menyu tatu. Modi pia, zile nyongeza za mashabiki, makao yake makuu ni PC.

Kwa hiyo PC haiondoki mezani. PS5 nayo siiuzi, hasa kwa ajili ya gemu ya GTA VI, ambayo ilipotangazwa ilitajiwa PS5 na Xbox Series X na S tu. GTA V ilitoka kwenye konsoli Septemba 2013, wenye PC wakaipata Aprili 2015. Kusubiri kwa namna hiyo sikuwezi.