Fildi wiki nane kwenye duka la nyavu Kirumba: nyota nne, ya tano nimeibakiza makusudi

Jamani nimemaliza fildi wiki iliyopita, yale mafunzo ya kazi ya chuo, hapa hapa Mwanza, ngoja niandike kabla sijasahau, maana mwaka jana nilizunguka mjini na bahasha ya kaki nagonga milango na hakuna hata mmoja aliyeniambia ukweli kuhusu sehemu yoyote. Si mnajua vyuo vinafunga karibu pamoja, SAUT wapo, CBE wapo, IFM wapo, bado wale wa Mwanza wanaosoma Dar na Dodoma nao wanarudi kufanyia fildi nyumbani ili wasilipe chumba, wote mnagombania ofisi zilezile. Unafika mapokezi unakuta barua zimerundikwa mpaka dada wa watu haonekani.

Nasoma ununuzi na ugavi, naingia mwaka wa tatu, kwahiyo fildi nimefanya mara mbili na nina cha kulinganisha.

Ya kwanza ilikuwa ofisi kubwa katikati ya jiji, jina naacha. Kiyoyozi, kiti cha kuzunguka, chai saa nne. Mama yangu alitangazia kanisa zima. Na niwe mkweli, watu wa pale hawakuwa na roho mbaya, walinipokea vizuri kabisa, shida ni kwamba kazi yenyewe sikuwahi kuigusa. Tangu 2023 manunuzi ya serikali yamehamia NeST, mfumo mpya wa mtandaoni, ule wa zamani wa TANePS ukaachwa, na NeST mtu anaingia kwa akaunti yake na paswedi yake, akikosea ni yeye anaulizwa. Nani akupe paswedi yake wewe mtoto wa wiki nane? Hata mimi nisingetoa. Basi nikawa nakaa nyuma ya afisa naangalia kisogo chake na kioo cha kompyuta kwa mbali, akichoka ananituma fotokopi. Baba mdogo alifanya fildi miaka ya tisini, anasimulia alikabidhiwa faili siku ya pili, akaambiwa soma, andika majibu ya hii barua, akikosea bosi anachora kwa kalamu nyekundu anarudia. Faili unaweza kumkabidhi mtu. Paswedi hapana. Mi naona hapo ndo fildi ya siku hizi ilipokwama, kazi imeingia ndani ya kompyuta, mwanafunzi kaachwa nje na birika la chai, halafu waajiri wanalalamika wahitimu hawajui kitu.

Haya, sasa duka.

Lipo Kirumba, unashuka kama unaenda Mwaloni, harufu ya dagaa ndo itakuongoza. Wanauza nyavu, kamba, maboya, taa za sola za kuvulia dagaa, betri, na vipuri vya injini za boti. Mwenye duka ni mama mmoja wa makamo, sisi tunamwita mama tu, yeye kila mtu anamwita mwanangu hata matajiri wenye ndevu nyeupe. (Kwa wasiojua, huku ziwani tajiri ni mwenye mitumbwi, hata kama ana mmoja na umetoboka.) Nilienda pale kwa kukosa pa kwenda, siwadanganyi. Akasoma barua ya chuo, akaikunja, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ukikosea unasema au unaficha?"

Siku ya tatu nikakabidhiwa simu ya duka. Simu ile ndo ofisi nzima. Oda za Ukerewe, za Goziba, za Kome zote zinaingia WhatsApp, mtu anatuma sauti dakika tatu upepo unavuma huelewi kitu, inabidi umpigie umuulize ni nyavu za inchi ngapi, kamba unene gani, na kama ni ya dagaa lazima umwambie mapema chini ya milimita 8 haturuhusiwi, na timba, zile nyavu za uzi wa plastiki zilizopigwa marufuku, usituulize kabisa. Ukishaelewana naye unapiga picha mzigo, unatuma bei, anakulipa kwa Lipa Namba, unamtolea risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, unaubeba mzigo mpaka kwenye boti na kuchukua namba ya nahodha. Wiki moja pale niliongea na wateja wengi kuliko miezi miwili yote ya ile ofisi yenye kiyoyozi.

Wiki ya pili nikapigwa. Jioni, mama katoka, akaja kaka mmoja anahema, anataka taa tatu na betri, jumla laki na themanini na sita, boti inaondoka dada fanya haraka. Akabonyeza simu yake, meseji ikaingia kwenye ya duka, imethibitishwa, kiasi sahihi, mpaka salio jipya limeandikwa. Nikamfungia mzigo mwenyewe na mkanda juu. Mama aliporudi akauliza kitu kimoja, salio la kweli linasoma ngapi. Kuangalia, halijaongezeka hata mia. Ile meseji imetoka kwenye namba ya kawaida tu, tarakimu kumi, wala siyo ya kampuni ya simu. Magoti yalikwisha nguvu. Nikamwambia mama nimekosea, nimetoa mzigo kwa meseji. Alikaa kimya kama dakika nzima anakunja kanga, halafu akasema kesho asubuhi ukifika andika kwenye karatasi hatua za kupokea malipo, bandika ukutani, na simu unaendelea kushika wewe. Angenikata nini jamani, hata posho sina. Karatasi bado ipo: angalia nani katuma, fungua menyu usome salio, hakuna mzigo kutoka kabla salio halijasoma. Kijana mwingine wa duka akaongeza chini kwa maka peni, "hata kama boti inaondoka".

Kitu cha pili nachojivunia ni cha giza na mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwahiyo mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti vizuri, wavuvi wanarudi nchi kavu wanashona nyavu na kunywa kidogo, giza likirudi wanaingia tena. Mama alikuwa na madaftari matatu, la mauzo, la madeni na lingine hata yeye hajui la nini. Nikayahamishia kwenye Excel, nikaongeza safu moja ya kuandika siku hiyo ni giza au mwezi. Wiki nane ni kama miezi miwili ya angani, kidogo sana najua, ila picha ilionekana: taa na betri zinaisha siku nne tano kabla ya giza, nyuzi na vipande vya nyavu vinatoka mwezi ukiwa mkubwa, madeni yanalipwa giza likiisha. Nikamwonyesha nikiwa nimevimba kichwa. Akacheka, akasema mwanangu hilo nalijua tangu sijaolewa. Ila alikuwa hajui ni taa ngapi. Kila giza alikuwa anaishiwa, anaagiza Dar kwa haraka, mzigo unafika mwezi umeshaanza kung'aa. Mwisho wa wiki ya saba aliagiza kwa karatasi yangu.

Sasa sikilizeni chuo. Logibuku, lile daftari la kuandika kazi za kila siku, ina mistari mitano kwa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi, siku ambayo duka linafurika, haipo. Siku ya Excel nimeandika "nilifanya kazi za stoo" maana nafasi haitoshi. Siku ya kupigwa sikuandika kabisa, kisanduku cha makosa hakuna. Fomu ya tathmini inamuuliza mama kama mwanafunzi anavaa vizuri, anawahi, na anaweza kutumia faksi. Mama akaniuliza faksi ni nini. Mwalimu wa usimamizi alikuja mara moja, robo saa, akatafuta bango la kampuni, akauliza idara yangu ni ipi, nikamwambia dukani. Sidhani kama alifurahi. Karatasi ya ukutani ilikuwa nyuma ya kichwa chake na hakuisoma.

Ningekuwa mimi ndo chuo ningeanza na mawili tu, nafasi ya kuandika kosa ulilofanya na ulivyolirekebisha, na akaunti za mazoezi kwenye hiyo mifumo, ili mtu anapoenda ofisi kubwa asiwe anaangalia kisogo. Wale wa VETA wanaosoma kwa uanagenzi, muda fulani darasani muda fulani kazini, nawaonea wivu, darasani wanarudi na maswali wakiwa bado wanayakumbuka. Sisi tunapelekwa mara moja kwa mwaka kama chanjo.

Mabaya ya duka yapo, ndo maana nyota nne. Hakuna posho wala nauli, na kama hela ya fildi ya bodi ya mikopo huipati, nauli ya kutoka Buhongwa kila siku inauma. Hakuna meza, logibuku nilijazia juu ya boya. Choo ni cha kulipia. Simu inaweza kuita saa tatu usiku, mtu yuko Goziba anataka propela, na hapo duka limefungwa na wewe uko nyumbani unakula ugali. Mama hana maandishi ya kitu chochote, siku ya kuanza na ya kumaliza mnakubaliana kwa mdomo, nikamwomba barua ya utambulisho akaniambia andika mwenyewe nitie muhuri. Na mgongo, aisee, bando la nyavu siyo zito likiwa kwenye picha.

Kwa wanaotaka kwenda mwakani, anachukua wawili tu, na hapendi kupigiwa simu na wazazi. Nenda mwenyewe asubuhi, viatu vya chini, barua iwe fupi. Angalia na mbingu kwanza, usiku uliopita kukiwa na mbalamwezi utamkuta amekaa anakunywa chai atakusikiliza vizuri, ila ukienda siku mbili kabla ya giza atakupa bando ubebe kabla hujajitambulisha.