Google Photos kwenye kishikwambi cha GB 32: inafaa, ila mjue inavyofanya kazi

Mimi ni fundi cherehani, na kishikwambi changu ndicho katalogi ya wateja: vitenge, mashela, sare za kamati, kila mshono niliowahi kuupiga picha. Kwa GB 32, ambazo mfumo wenyewe unamega sehemu yake, ujumbe wa kujaa haukawii.

Google Photos kazi yake inaijua. Unawasha kuhifadhi nakala, unasubiri picha zipande zote, halafu unabonyeza kitufe cha kupata nafasi. Kinaondoa kwenye kifaa zile tu ambazo tayari zina nakala mtandaoni. Mteja akiulizia gauni la mwaka juzi, nalitafuta na linafunguka, mradi bando lipo. Hapo ndipo penye tatizo kwa sisi wa bando la siku! Mishono ninayoionyesha kila mara nimeinakili kwenye flashi.

Jamani, kitufe hicho si sawa na kufuta. Ukifuta picha kwa mkono ndani ya programu, na ile nakala ya mtandaoni inakwenda. Hukaa kwenye pipa la taka siku 60, basi.

Bure ni GB 15, na hizo Photos inagawana na Gmail na Drive, ile hifadhi ya mafaili ya Google. Tangu Juni 2021 hata picha mpya zilizobanwa zinahesabiwa. Ndiyo maana naanza kwa kufagia video za magrupu ya WhatsApp. Send-off za watu nisiowajua zina haja gani ya nakala?

Nyota nne.