Kutembezwa Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa miguu: nzuri, ila dukani msiingie

Tulivuka na boti ya asubuhi kutoka Dar tuko wanne, tukamchukua kijana mmoja atutembeze masaa matatu, elfu 40 jumla baada ya kuvutana sana, na hapo tumeshawakwepa mapapasi kibao (wale vijana wanaowaganda wageni) pale bandarini. Hata hatujaanza akamuuliza rafiki yangu wa kike aliyevaa singlendi, dada yangu una mtandio? Kwa upole tu, hakumsimanga. Akanuna kidogo ila tulivyoingia vichochoro vya Sokomuhogo mwenyewe akajifunika, kule watu wanaishi jamani, wanaanika nguo zao.

Majengo anayajua. Beit el Ajaib tuliiangalia kwa nje tu, Sultani Barghash aliijenga 1883 halafu Disemba 2020 upande mmoja ukaporomoka ikiwa kwenye matengenezo, inauma. Ngome Kongwe tulipita fasta. Mkunazini ndo paliponimaliza, kanisa la Anglikana lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, nje kuna yale masanamu yamefungwa minyororo shingoni na kuna mtu alikuwa anapiga nayo selfi huku anacheka, kijana wetu akamfuata akamnong'oneza, simu ikarudi mfukoni.

Na mimi yakanikuta Jaws Corner, kile kijiwe cha kahawa. Wazee wamekaa barazani na dhumna zao, nikatoa simu, mzee mmoja akajifunika uso na gazeti. Kijana akanivuta shati, "salamu kwanza bro, picha baadaye." Nikarudi na asalaam aleikum ya nguvu, wakaitikia wote, wakanisogezea nafasi, kahawa chungu kwenye kikombe kidogo kama cha mtoto wa kuchezea, tukabishana Simba na Yanga karibu nusu saa na picha wakanipiga wao, yule wa gazeti ndo kashika simu 😂

Kilichoniudhi ni duka la viungo, alitupeleka huko mara mbili na tulishasema hatununui, na ile karafuu tuliikuta sokoni Darajani kwa nusu ya bei. Najua anapewa chochote pale, sawa, ila angesema tu. Nyota 4.

Mkienda anzeni saa mbili asubuhi kabla jua halijawaka, ijumaa mchana achaneni nayo maduka mengi yanafungwa watu wako msikitini, na Forodhani usiku ulizeni bei ya mshkaki KABLA haujawekwa kwenye sahani.